Njia ya Sauti Kwenda Banalia

Kilichoninyima usingizi kilikuwa sentensi moja. Ilikuwa ya mwisho kwenye karatasi tuliyopewa kazini, na tuliambiwa tuiseme katika kila nyumba bila kuongeza wala kupunguza: "Mazungumzo yenu yako salama kabisa, hakuna mtu anayeweza kuyasikiliza." Mchana niliisema nimesimama wima, nikitabasamu. Nikienda kulala inanirudia, na mimi naanza kuihoji. Hakuna mtu, yaani nani? Nani alikwenda kuhakikisha? Na kama hakuna aliyehakikisha, mimi ninayeisema ni nani?

Nina tabia hii tangu utoto. Papa, yaani baba yangu, husema hata fufu, ugali wetu wa muhogo, ikiletwa mezani mimi huiuliza imetoka wapi kabla ya kunawa mikono. Nilipokuwa chuoni tabia hiyo ilinipa alama nzuri. Baada ya chuo haikunipa kitu: nilikaa nyumbani na diploma yangu ya mawasiliano ya simu, nikifundisha watoto wa jirani hesabu, na kila kazi niliyoisikia niliiwaza mpaka ikachukuliwa na mwingine.

Hii sikuiwaza. Kampuni moja ilikuwa inaleta mtandao wa nyuzi za kioo katika sehemu yetu ya Kisangani. Wachimbaji walikuwa wanafungua mtaro mwembamba kando ya barabara, na sisi vijana wenye diploma tulivaa vizibao vya rangi ya chungwa na kuwatangulia. Kazi yetu ilikuwa kuingia katika kila parcelle, yaani kila kiwanja na nyumba zake na wapangaji wake, kueleza kitu gani kinakuja, na kuomba watu wakubali mtaro upite mbele ya milango yao.

Kueleza kulinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Kisangani iko katikati ya bara. Ukitoka hapa kwenda bahari ya magharibi ni mbali, ukienda ya mashariki ni mbali vilevile, na katika nyumba nilizoingia sikumkuta mtu aliyewahi kuiona bahari. Mimi mwenyewe sijaiona. Sisi tunajua mto. Basi nilianza na mto: fikirini maji ambayo hayana ng'ambo, na chini kabisa, kwenye tope na giza, umelazwa waya unaotoka bara moja hadi jingine. Karibu na pwani ni mnene kama mpini wa jembe, kwa sababu ya nanga na mawe. Kule kilindini ni mwembamba kama mpira wa kumwagilia bustani. Ndani yake kuna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na ndani ya nyuzi unapita mwanga, na mwanga huo ndio sauti zetu na picha zetu.

"Maji ya chumvi haiingie?" aliniuliza papa mmoja, mzee aliyekuwa amekaa na singlendi, redio mapajani.

"Haiingii, papa."

"Na samaki je? Haiwezi kusikiliza?"

Mke wake alijibu kutoka jikoni. "Samaki atasikiliza nini? Matusi yako? Atakimbia."

Watoto walicheka, na kuanzia siku hiyo nilipopita kwenye avenue ile, barabara ya mtaa wao, nilisikia wananiita Mademoiselle Câble, binti wa kebo. Sikukasirika. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniita kwa jambo nililosoma.

Lakini kila mahali palikuwa na mmoja ambaye hakuuliza habari za samaki. Kwa kawaida alikuwa kijana, amekaa pembeni, anakwaruza ardhi kwa kijiti. "Na kule inakopita," anasema, "serikali za kule haziwezi kuiwekea sikio? Na ya kwetu hapa?" Nami nasoma sentensi ya mwisho. Anatazama kizibao changu, anasema, "Ah, bon," kama asiyeamini, na anarudi kwenye kijiti chake.

Niliona aibu kwa sababu nilijua zaidi ya nilichokuwa nasema. Mwalimu wetu mmoja alitufundisha kwamba mwanga ndani ya uzi unaweza kugawanywa, sehemu ndogo ikachepushwa pembeni, na wanaozungumza wasigundue chochote. Alisema mahali pepesi pa kufanya hivyo ni pale kebo inapotoka baharini na kuingia nchi kavu, na kwamba kuna serikali kubwa zilizotuhumiwa kufanya hivyo. Alilisema kama jambo la fizikia, akafuta ubao, akaendelea na somo.

Sasa nije kwa mama mmoja.

Aliishi kwenye avenue ya mwisho niliyopangiwa, mjane anayeuza mafuta ya mawese mbele ya parcelle yake. Nilipoingia alikuwa anachuja mafuta, na mke wa mwanawe alikuwa kwenye mkeka ananyonyesha mtoto mchanga. Nilieleza bahari, waya, mtaro. Hawakucheka mahali ambapo watu hucheka. Nilipomaliza, mama aliweka chujio chini.

"Rudilia ile neno ya mwisho."

Nikarudia.

"Hakuna mutu?"

"Hakuna mtu, mama."

"Hata hawa ba-agent ya serikali ya hapa kwetu?"

Nilikuwa na karatasi mkononi. Nilitazama karatasi. "Imeandikwa hakuna mtu, mama."

Alivuta pumzi ndefu, akamgeukia mkwewe. "Umesikia? Basi Jumapili tutamupigia."

Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, kwa sababu aliniamini. Mwanawe, mwalimu wa shule ya sekondari, alikuwa ametuma sauti kwenye kundi la simu la mtaa wao, akilalamika juu ya viongozi na umeme unaokatika huku watu wanalipishwa. Alisema kwa hasira, na alitaja vyeo. Siku chache baadaye watu wawili waliovaa kiraia walifika kwenye parcelle wakimuulizia kwa jina la utani ambalo lilitumika ndani ya kundi lile tu. Hakuwepo. Hakurudi tena nyumbani. Alikwenda kujificha Banalia, mji mdogo kaskazini mwa Kisangani, kwa rafiki ambaye hakuna mtu mjini anayemjua. Naweza kuandika hivi kwa sababu hayuko huko tena sasa, wala rafiki yule.

Dereva wa lori alimletea mama namba ya rafiki, kwa mdomo, na mama aliikariri. Hakuipiga hata mara moja. Baadaye wale watu wawili walimsimamisha dereva sokoni na kumuuliza maswali, na tangu hapo hakukubali tena kubeba neno. Halafu mtoto akazaliwa.

"Kwetu baba njo anatoaka jina," mama alisema. "Si babu, si mimi. Huyu mutoto iko bila jina mpaka leo. Kwenye kituo cha afya waliandika 'bebe' tu."

Mkwewe aliinua kichwa cha mtoto kidogo nimwone.

Jumapili ndiyo siku iliyoahidiwa na kampuni. Mtaro ulikuwa umefika tayari nyumbani kwa chef wa avenue, mkuu wa mtaa, kebo ilikuwa imeunganishwa pale, na baada ya barza, mkutano wa watu wa avenue nzima, kila mtu angeruhusiwa kupiga simu kwa mtandao mpya, bure. Mama alikuwa amepanga kupiga pale. Kwa sababu ya sentensi yangu.

Nilimwambia asubiri kwanza. Nilisema, "Mama, musipige kabla ya Jumapili, nitauliza vizuri kazini." Alikubali. Lakini nilipofika barabarani nilijua sikuwa nimesema kitu. Jumapili haikuwa mbali.

Nilianza kuiwaza simu ile kama ninavyowaza kila kitu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mara hii nilikuwa na elimu ya kuifuata. Sauti ya mama inaingia kwenye simu yake. Ikipita kwenye programu ya ujumbe, inafungwa kwa namna ambayo hata anayeigawanya njiani ataona uchafu tu. Hapo nilipata nafuu kidogo. Inashuka kwenye mtaro wetu, inakwenda kutafuta bahari, ya magharibi au ya mashariki kulingana na upande ambao haujakatika siku hiyo, inapita chini ya maji mpaka kwenye mashine za watu wengine, inarudi tena chini ya maji, inapanda bara, inafika Banalia. Mtu akipanda pikipiki anafika siku hiyohiyo kama mvua haikunyesha, lakini sauti ya mama inazunguka dunia. Ni vizuri, ni ajabu, na maneno yenyewe huenda kweli hakuna ambaye angeyasikia.

Lakini mtandao wa Banalia ni dhaifu. Programu ingekataa, na mama angefanya kile ambacho sote tunafanya: angepiga simu ya kawaida. Hiyo haihitaji bahari. Anayetaka kujua hahitaji kusikia hata neno moja. Inamtosha kuuliza simu ya mama mjane imepiga namba gani, na namba ile iko chini ya mnara upi. Namba ambayo haijawahi kuonekana, ghafla inapigiwa na mama wa mtu anayetafutwa. Rafiki yule asiyejulikana angejulikana.

Sijui kama kweli kulikuwa na mtu anayeuliza. Hilo ndilo lililokuwa linanimaliza. Sijui.

Nilikwenda kwa mkubwa wetu wa kazi, ambaye sote tulimwita chef. Nisiseme alikuwa mtu mbaya. Alikuwa anatulipa siku ileile aliyosema, na alikuwa ananunua maji ya kunywa kwa wachimbaji kutoka mfukoni mwake.

"Chef, ile sentensi ya mwisho, nani aliiandika?"

"Kinshasa."

"Na Kinshasa walihakikisha?"

Aliacha kalamu. "Wewe unaulizaka sana. Bon. Unaweza kunihakikishia kama kuna mutu anasikiliza?"

"Hapana, chef."

"Na unaweza kunihakikishia kama hakuna?"

"Hapana."

"Donc, basi tuko sawa. Hakuna anayejua. Sasa kati ya kutojua na kutojua, mimi nachagua ile yenye kuleta mtandao." Akacheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu aliona sicheki. "Sikiliza, ma fille. Watu wanaogopa. Wakiogopa wanakataa mtaro. Wakikataa mtaro, avenue nzima inabaki nyuma, wanafunzi wanabaki kununua megabaiti za kuhesabu kama dawa. Kazi yako ni kuondoa woga."

"Na kama woga una sababu?"

"Basi Jumapili mbele ya watu usiseme sababu. Sema karatasi."

Sikumwambia habari za mama. Nilitaka, nikakumbuka kwamba siri ile si yangu, nikafunga mdomo. Niliporudi nyumbani papa aliniona nimeacha lituma, ndizi za kuponda, kwenye sahani, na papa hajawahi kuniona nikiacha lituma.

"Wamekufukuza?"

"Bado, papa."

"Bado maana yake nini?"

Nilimweleza bila kutaja mtu. Papa alifanya kazi ya serikali maisha yake yote, amepitisha miezi mingi bila mshahara, na kwake kazi ni kitu ambacho mtu hakitupi. Alitafuna pole pole.

"Mwambie huyo mutu pembeni," akasema. "Mwite, mwambie asipige, basi. Mbele ya barza sema karatasi ya watu. Kila mmoja amepata."

Lilikuwa shauri zuri. Nililipenda sana. Nilikaa nalo siku nzima kama mtu aliyepata kivuli. Ningemlinda mama na ningelinda kazi. Nilikuwa tayari njiani kwenda kwake nilipopitia kwenye kibanda cha kuchaji kuchukua simu yangu.

Watu wasioishi kwetu hawawezi kujua kibanda kile. Umeme unapokosekana tunapeleka simu zetu kwa kijana mwenye jenereta, tunaziacha pale toka asubuhi, na ili aweze kuziwasha kuona kama zimejaa, au kumjibu anayetupigia kwamba mwenyewe atarudi jioni, tunaandika namba ya siri kwenye kipande cha plasta na kukibandika nyuma ya simu. Hivyo ndivyo tumefanya siku zote. Simu zinalala juu ya ubao kama samaki kwenye sinia, kila moja na siri yake mgongoni. Yangu pia. Nilisimama nikazitazama kana kwamba naziona mara ya kwanza. Miaka yote ile ya chuo, na plasta yangu ilikuwa na mwandiko wangu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anasubiri zamu yake alitambua kizibao changu.

"Njo wewe wa kamba? Mulipita kwetu." Aliwageukia wengine. "Huyu alisema hakuna mutu anaweza kusikia tena. Mimi nilikuwa naogopa kuongea na dada yangu kule Goma, tulikuwa tunaongea mambo ya hali ya hewa tu, mvua imenyesha, jua limewaka. Sasa nimemwambia Jumapili tutasema yote."

"Yote gani?" mwingine akamtania. "Mabwana?"

"Na mabwana ndani!"

Wakacheka wote. Mchajishaji akasema hata yeye ana kaka yake mahali fulani, hakusema wapi, na kwamba atampigia pia. Aliongea kwa furaha, huku anazipanga simu zetu.

Shauri la papa liliishia pale. Ningewaita pembeni wangapi? Sentensi nilikuwa nimeimwaga katika kila parcelle, na ilikuwa imekwenda mbele yangu, ikifanya kazi. Kila nyumba ilikuwa na mtu wake wa mbali na mambo yake ya hali ya hewa. Nilibandua plasta kwenye simu yangu, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Kisha nilikwenda kwa mama nikamwambia aje Jumapili kwenye barza, akae mbele, na asipige mpaka nimemaliza kusema.

"Utasema nini?"

"Nitasema ninachokijua, mama. Si zaidi."

Ningependa kuandika kwamba sikuogopa. Asubuhi ya Jumapili kwenye misa sikusikia mahubiri; nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi, nikiondoa neno, nikirudisha, mpaka niliona kwamba nikiendelea hivi nitafika mbele ya watu sina hata neno moja. Nikaacha. Niliamua jambo moja tu: kila nitakalosema, niweze kulisema nikimtazama yule mkwe aliye na mtoto.

Barza ilijaa. Watu waliketi kwenye viti vya plastiki na kwenye madumu, wengine walisimama nje ya ua. Kisanduku cheupe cha mtandao kilikuwa kimefungwa ukutani kwa chef wa avenue, taa zake zinawaka, na watoto walikuwa wamekizunguka. Mkubwa wetu wa kazi alisema maneno ya kwanza, vizuri, akapigiwa makofi. Kisha akanipa nafasi.

Nilieleza bahari. Yule papa wa redio alipaza sauti, "Na samaki?" na watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia kusimama. Nilifika kwenye sentensi ya mwisho. Karatasi nilikuwa nimeikunja.

"Kwenye nyumba zenu niliwaambia hakuna mtu anayeweza kusikiliza," nilisema. "Niliisoma. Sikuijua. Leo nitawaambia ninayoyajua."

Nikasikia kiti cha mkubwa wetu wa kazi kikisogea nyuma yangu.

Nilisema kwamba kebo ni nzuri na naitaka. Nilisema kwamba mwanga unaopita baharini unaweza kuchepushwa na wenye nguvu, na kwamba sijui kama wanafanya hivyo kwa mwanga wetu. Nilisema kwamba programu za ujumbe zinafunga maneno, na simu ya kawaida haiyafungi hivyo. Nilisema kwamba hata maneno yakifungwa, bado inaonekana nani amempigia nani, saa ngapi, na kutoka wapi, na kwamba mara nyingi anayetafuta mtu hahitaji kingine. "Kama una mtu ambaye hutaki ajulikane alipo," nilisema, "usimpigie. Si kwa kebo hii, si kwa simu ya zamani. Na namba zetu za siri, tuzibandue mgongoni mwa simu. Mimi yangu nimeibandua juzi."

Kelele zikaanza. Mmoja wa wale vijana wa vijiti alisimama akasema, "Si nilisema!" Mwanamke wa kibanda cha kuchaji alinitupia mkono: "Kwa hiyo mlitudanganya na kizibao!" Nikamjibu ndiyo, tuliwadanganya, na mimi nilikuwa mdomo. Mwingine akauliza kwa nini basi wachimbe. Papa wa redio akasema yeye hana wa kumficha ila mkewe, wachimbe tu. Walibishana mpaka chef wa avenue akapiga kiti na fimbo yake. Baadhi ya parcelle zilikubali mtaro siku ileile. Nyingine zilikataa, na najua nyingine bado zinakataa mpaka leo.

Mkubwa wangu wa kazi alinivuta pembeni. Hakupiga kelele.

"Vua kizibao."

Nikavua. Alikikunja kwa uangalifu, upande kwa upande.

"Kama ungeniambia kuna mutu unamuogopea," akasema, "ningekupeleka avenue ingine."

"Najua, chef, na mwingine angesoma karatasi hapa. Ndiyo maana sikusema."

Mama alikuwa bado amekaa mbele. Mkwewe alikuwa ameshika simu, na nilipofika karibu aliizima na kuitia kwenye kitenge. Mama hakunishukuru. Alikuwa amekasirika, na alikuwa na haki. Nilikuwa nimempa njia kisha nimemnyang'anya.

"Sasa nifanye nini?" alisema. "Niambie, wewe mwenye kusoma. Dereva hataki. Mimi nikipanda gari wananiona. Mutoto akae bila jina mpaka lini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Kwa kawaida hapo ndipo ningeanza kuhesabu sababu za upande huu na za upande ule. Nilimtazama mtoto, amelala, ngumi moja iko nje ya kitambaa.

"Nitakwenda mimi," nilisema.

Nilisema kabla ya kuwaza, na nilipoanza kuwaza niliona ni sawa. Hakuna aliyenijua Banalia. Binti asiye na kazi anakwenda kumsalimia shangazi. Njia ile imejaa mabinti kama hao. Mama aliniambia jina la rafiki na jinsi ya kulifikia soko la karibu na nyumba yake. Hatukuandika. Alinifanya nirudie mpaka nikasema bila kukosea, na ujumbe nao nikaurudia: mtoto ni wa kike, ana afya, mama yake anakula vizuri, sote tunasubiri neno lako.

Papa aliposikia alishika kichwa. "Umesoma mawasiliano ya simu miaka yote ile ili uende wewe mwenyewe kama barua?"

"Ndiyo, papa."

"Na kazi?"

"Wamechukua kizibao."

Papa aliingia chumbani, akatoka na koti lake la mvua, lile la zamani la kazini, akanipimisha mabegani. Lilikuwa kubwa sana. "Njia ya Banalia ina matope," akasema.

Jumatatu alfajiri niliizima simu yangu, nikaiacha juu ya meza. Mtu wa pikipiki alikuwa anasubiri kwenye kona. Aliuliza kama nina namba ya mtu wa huko tumpigie, kama barabara ikitushinda. Nilimwambia sina simu. Alinitazama kutoka juu hadi chini, na koti la papa, akacheka, akasema, "Sawa, dada, tutafika tu." Nikapanda nyuma yake, nikashika vizuri, tukavuka daraja la mto Tshopo, tukashika njia ya Banalia.